Injini ya Kijivu ya Geti la Askerby

Kufikia saa saba mchana wa Ijumaa ile, Inspekta Cyril Oldroyd alikuwa amepanga picha kumi na mbili za injini za mvuke juu ya meza ya jikoni kwa Nora Applegarth, na Nora alikuwa amezikataa kumi na moja.

"Na hii?"

Nora aliinama juu ya picha ya mwisho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mikono mipana, amevaa koti la watu wa reli lililomzidi mabega. Ndiye aliyelinda geti la Askerby, pale barabara ya mashambani inapokatana na reli kuu ya kaskazini. Kazi aliirithi kwa baba yake, na nyumba pia.

"Pua ndiyo hii," alisema. "Imelala hivi mpaka chini, ya kukata upepo. Na hili bati la ubavuni linaloficha magurudumu nusu, ndilo. Lakini siyo yenyewe."

"Kwa nini siyo?"

"Hii inang'aa."

"Hii ni ya rangi ya fedha. Ulisema uliona ya kijivu. Kwa mtoto wa miaka tisa, fedha na kijivu..."

"Inspekta, nilikuwa mtoto, sikuwa kipofu. Ile ya fedha naijua, nimeipungia mkono mara mia. Hiyo niliyoiona haikung'aa hata kidogo. Ilikuwa kama jivu la jikoni."

Kutoka pembeni ya jiko la makaa ilisikika sauti ya kukwaruza. "Mwulize basi juu yake walikaa malaika wangapi."

Aliyesema ni baba yake, mzee Amos Applegarth, miaka sabini na minane, blanketi miguuni, mikono yote miwili ikitetemeka bila kupumzika. "Umeunguza petroli yako bure, bwana mkubwa. Huyu anaota akiwa macho tangu utotoni. Ingia kijijini uulize Nora Ndoto ni nani, utaletwa hapa hapa mlangoni."

Nora hakugeuka. Alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo, au alijua kujifanya amelizoea.

Oldroyd alizikusanya picha polepole, akijipa muda. Wiki tatu nyuma, mafundi wa reli waliokuwa wakichimba mtaro hatua mia mbili kutoka geti hili walifukua mifupa ya mwanamke na vifungo sita vya kijani vya koti. Alikuwa Lettice Haigh, aliyepotea wiki ya Pasaka ya mwaka 1938. Mumewe, Ambrose Haigh, kiongozi wa kwaya wakati ule na diwani wakati huu, alikuwa ameuambia ulimwengu kwamba mkewe alimtoroka. Sasa alisema kwamba Alhamisi Kuu asubuhi mkewe alimfungia mkate wa safari, yeye akaenda Scarborough na kwaya nzima, na aliporudi Jumanne hakumkuta. Watu thelathini waliimba naye huko siku zote hizo.

Mshukiwa aliyebaki ni Stanley Pickersgill, fundi saa. Saa ya mkononi ya Lettice ilikutwa kwenye droo yake, ina jina la Lettice nyuma. Stanley alisema ililetwa kutengenezwa. Tangu Jumatatu hadi usiku wa Alhamisi ya wiki ile alikuwa Leeds akimzika mama yake, na kasisi aliyemzika alikuwa hai wa kuthibitisha. Lakini Ijumaa na Jumamosi alikuwa Askerby, peke yake dukani. Kuua kwa ajili ya wizi, adhabu yake ilikuwa kitanzi. Jumatatu angefikishwa mbele ya hakimu.

Kila kitu kilisimama juu ya siku. Na shahidi wa siku ile hakuwapo ila Nora, ambaye alipanda basi mwenyewe hadi kituo cha polisi mifupa ilipopatikana, akasema aliona mwanamke mwenye koti la kijani akiburutwa. Siku gani? Likizo ya Pasaka, shule imefungwa. Siku yenyewe? Hakujua. Alijua treni tu.

"Sahau picha," Oldroyd alisema. "Niambie ulichokiona, kwa mpangilio uliokiona."

"Nilikuwa getini. Wao walikuwa upande wa pili wa reli, mbali, kule kwenye vichaka. Mwanamume ana kofia, amenipa mgongo. Amemshika mkono yule mama wa koti la kijani. Yule mama anajivuta. Kisha treni ikapita katikati yetu. Ilipokwisha kupita, yule mama yuko chini, na mwanamume anamvuta kwa makwapa. Kofia yake..."

Kengele ya ukutani ililia mara mbili. Nora alikata maneno, akachukua bendera, akatoka. Oldroyd alimfuata hadi kizingitini. Alimwona akisukuma geti la kwanza, kisha la pili, akifunga komeo, akisimama wima. Treni ya abiria ilikuja kutoka kusini ikapita kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Oldroyd hakuitazama treni. Alimtazama Nora. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Ulikuwa unasema nini?" alimuuliza aliporudi.

"Mimi? Wakati gani?"

"Treni inapita."

Nora aliona haya kidogo. "Nahesabu magurudumu. Mazoea tu. Tangu nikiwa mdogo, sikuwa na wa kucheza naye."

"Hebu nihesabie hizi za pua ya kulala. Upande mmoja."

"Madogo mawili, makubwa matatu, dogo moja nyuma chini ya dereva. Mawili, matatu, moja. Zote hivyo." Mkono ulioshika bendera ukashuka. "Siku ile hesabu ilizidi."

"Ilizidi wapi?"

"Nyuma. Mawili, matatu, mawili. Nilidhani nimekosea. Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa na behewa moja tu, imepita upesi, sikuweza kurudia." Sasa maneno yalikuwa yakimtoka yenyewe bila kuvutwa. "Haikuwa na jina ubavuni. Zote zina majina, ile haikuwa nalo. Na ilinuka rangi. Harufu ya mlango uliopakwa jana."

"Haya, sasa ina harufu!" mzee Amos alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Kesho itakuwa na mbawa."

Oldroyd alichukua kofia yake. Aliona kwamba mzee alicheka kwa mdomo tu. Macho yalikuwa yameganda kwenye daftari la polisi.

*

Kwenye kibanda cha simu cha kijijini, Mrakibu Thwaite hakutaka kusikia habari za magurudumu.

"Cyril, mwanamke kasema kijivu. Jumamosi ile ilipita treni ya ziada ya sikukuu, ikavutwa na injini ya rangi ya fedha. Ninayo barua ya watu wa reli mezani. Jumamosi Pickersgill yuko Askerby. Unataka nini zaidi?"

"Anasema haikung'aa."

"Miaka ishirini na mitatu! Mimi sikumbuki rangi ya suti niliyofungia ndoa."

"Yeye anakumbuka, Mrakibu. Nipe kesho."

"Kesho tu. Jumatatu saa nne kamili nampandisha Pickersgill."

*

Harufu ya rangi ndiyo iliyompeleka Oldroyd Jumamosi asubuhi katika mji wa Darnholme, penye karakana zilikojengwa injini zile, na kutoka karakana hadi kwenye bustani za mboga nyuma ya makazi ya wafanyakazi. Percival Gaunt, mpakaji rangi mstaafu, alikuwa amepiga magoti katikati ya vitunguu vyake.

"Polisi?" alisema bila kuinuka. "Leseni ya mbwa nimekata."

"Sikuja kwa ajili ya mbwa."

"Basi mke wangu. Huyo mchukue, sina pingamizi, ila umrudishe kabla ya chakula cha mchana."

"Mzee Gaunt, nimekuja kuuliza injini. Pua ya kulala, ya kijivu, haina jina. Magurudumu mawili nyuma badala ya moja."

Mzee aliweka chini kijembe. Alimtazama inspekta tangu viatu hadi kofia, kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu wake.

"Nani kakwambia habari za Mjane?"

"Mjane?"

"Ndivyo tulivyomwita karakanani. Dada zake wote walipewa majina ya fahari, vibao vya shaba, yeye hakupewa. Alikuwa mmoja tu wa aina yake. Alijengwa upya kutoka injini nyingine, akatoka mrefu, ndiyo wakamwongezea ekseli moja ya magurudumu nyuma. Ukimwona kwa mbali husemi ni tofauti. Watoto wa reli wengi hawakutambua. Huyo wako ana macho."

"Kwa nini alikuwa wa kijivu?"

"Rangi ya msingi. Mkubwa mmoja alitaka apigwe picha kwanza, na kijivu hutoka vizuri kwenye picha. Hapo sawa. Lakini kumaliza kupiga picha akasema, mpelekeni majaribio hivyo hivyo. Nikamwambia, bwana, rangi haijakauka. Akaniambia injini haisubiri rangi." Gaunt alitema mate pembeni, mbali na vitunguu. "Akaenda na behewa moja la vipimo. Akarudi jioni masizi na wadudu wamemganda kila mahali. Nikaanza upya kwa msasa."

"Siku gani?"

"Jumatano, kabla ya Ijumaa Kuu. Thelathini na nane."

Oldroyd hakuandika bado. "Miaka mingi imepita. Una hakika gani ni Jumatano?"

"Kijana, mimi Mkatoliki. Alhamisi Kuu nilipaswa kuwa miongoni mwa wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu kanisani. Soksi mpya nilishanunua. Badala yake nikashinda juu ya ngazi nasugua Mjane. Mke wangu hakunisemesha hadi Jumatatu ya Pasaka."

"Je, alitoka siku nyingine akiwa bado wa kijivu? Jumanne, au mapema zaidi?"

"Kabla ya Jumatano alikuwa juu ya magogo, hana hata gurudumu moja chini."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi alikuwa wa buluu, mbichi. Ungemgusa ungerudi kwenu na vidole vya buluu."

"Nakuamini, mzee. Lakini mahakama hula karatasi."

Gaunt alijinyanyua kwa kushika goti, akaingia kwenye kibanda chake cha mbao. Alirudi na fremu iliyofunikwa vumbi, akaipasua nyuma kwa kisu cha bustani. Picha ilikuwa ya injini ndefu ya kijivu, pua imelala, ubavu mtupu pale jina lilipopaswa kuwa, na mbele yake mafundi sita waliokunja mikono. Nyuma palikuwa na mhuri wa mpiga picha: 13 Aprili 1938.

"Huyo wa pili ni mimi," Gaunt alisema. "Nilikuwa na nywele."

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Mtu amekufa, siyo?"

"Mmoja alishakufa. Natafuta asife wa pili."

*

Njiani Oldroyd alipitia bohari ya nyaraka za reli mjini York, akatoka na kitabu cha geti la Askerby cha mwaka ule, jalada limeliwa na nondo. Kila treni iliyopita ilikuwa na mstari wake: saa, aina, upande, sahihi ya mlinzi. Alikisoma akiwa ndani ya gari, dirisha limefungwa. Alipoufikia ukurasa wa Jumatano ile, aliutazama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

Saa tisa alikuwa tena jikoni kwa akina Applegarth. Alichanganya picha ya Gaunt na nyingine tano, akazipanga kifudifudi, akamwambia Nora azifunue mwenyewe, moja moja, bila haraka.

Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Alipofunua ya tatu mkono wake ulisimama hewani. Alivuta kiti, akaketi. Kidole chake kilipita juu ya magurudumu taratibu.

"Mawili," alisema. "Matatu. Mawili." Akainua uso. "Ipo?"

"Ipo. Ilipita hapa mara moja tu ikiwa na rangi hii. Jumatano."

"Picha tu hiyo," Amos alisema. "Picha inaweza kuwa ya chochote."

"Kweli, mzee. Ndiyo maana nimekuja na kitabu chako." Oldroyd alikiweka juu ya blanketi, kwenye mapaja ya mzee. "Jumatano, Aprili kumi na tatu. Treni ya majaribio kuelekea kaskazini, saa nane na dakika arobaini na nne. Sahihi: A. Applegarth. Ulikuwa getini?"

"Sahihi si yangu hiyo?"

"Basi nawe uliona alichokiona binti yako."

"Sikuona kitu. Hapakuwa na kitu."

"Hatua mia mbili, mchana kweupe, na hukuona kitu."

"Nimekwambia!"

Oldroyd alikwenda kwenye rafu ya karibu na kengele, akashusha kitabu cha geti cha mwaka huu, kilichoandikwa na Nora tangu Januari. Alikifungua popote tu, akakiweka kando ya kile cha zamani.

"Mzee, wewe huandika tarakimu ya nne ikiwa wazi juu. Nimezikagua kurasa zako za mwezi mzima, haikukosea hata moja. Nne hizi mbili za Jumatano zimefungwa juu, zina ncha. Tazama sasa za huyu. Jana, juzi, leo asubuhi. Zote zimefungwa, zote zina ncha." Hakuinua sauti. "Aliyeandika mstari huu ni mtoto wa miaka tisa. Sahihi uliiweka baadaye. Ulikuwa wapi?"

Mzee alifungua mdomo akamtazama Nora, na Nora alikuwa anamtazama yeye. Kitabu kilianza kuteleza kutoka mapajani mwake. Oldroyd alikidaka.

"Baa," Amos alisema hatimaye. "Tulikuwa na mchezo wa domino. Saa moja tu, nilisema. Kufunga geti alikwishajua."

"Ulirudi saa ngapi?"

"Kumi. Akanirukia mlangoni na hadithi yake. Nikaenda kutazama. Nyasi zilikuwa zimelala, mstari mrefu, kuelekea mtaroni. Sikufika mwisho. Njiani palikuwa na kiatu. Kimoja. Cha kahawia, cha kike."

"Kiko wapi?"

Macho ya Amos yalikwenda kwenye jiko la makaa.

"Jiko hili?" Aliyeuliza alikuwa Nora. "Baba. Jiko hili ninalokupikia?"

"Wangeuliza nani alikuwa getini! Kazi ingekwenda, na nyumba ingekwenda na kazi. Mama yako alishatutoka. Ningekulaza wapi, barabarani?"

"Ukanipiga kwa mkanda siku mbili."

"Ulikuwa husikii. Ulitaka kumwambia kila mtu."

"Mpaka niseme nimeota."

Mzee alivuta blanketi, akajifunika hadi kifuani.

"Ulijua kiatu ni cha nani?" Oldroyd aliuliza.

"Haigh aliposimama kanisani kutangaza kwamba kakimbiwa, nilijua."

"Na ulijua nani alimuua?"

"Nilijua kwamba sitaki kujua."

Oldroyd alitoka hadi kwenye simu ya geti. Ilichukua dakika kadhaa kupata York, na dakika nyingine kumpata Thwaite. Alimpa mambo matatu tu: picha yenye mhuri, kitabu cha geti, kasisi wa Leeds. "Jumatano mchana Lettice Haigh alikuwa amekwisha kufa. Mumewe anasema Alhamisi asubuhi alimfungia mkate. Pickersgill alikuwa makaburini."

"Diwani Haigh," Thwaite alisema. Alikuwa amekula naye chakula cha jioni wiki iliyopita tu.

"Huyo huyo, Mrakibu."

"Basi nenda kamchukue kabla hajasikia. Pickersgill nitazungumza naye mwenyewe."

Aliporudi jikoni baba na binti walikuwa pale pale alipowaacha, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Oldroyd aliandika maelezo ya mzee kwa mkono wake, kurasa mbili, akayasoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Amos aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Alipopewa kalamu aweke sahihi, ilimponyoka. Akaiokota mapajani, ikamponyoka tena, ikabingirika hadi chini ya meza.

Nora ndiye aliyeiinamia. Aliitia katikati ya vidole vya baba yake, akavikunja kimoja kimoja, kisha akaushika mkono ule kwa wake na kuukandamiza juu ya karatasi hadi ukatulia. Mzee akaandika jina lake. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka.

"Imetosha?" Amos aliuliza. Haikueleweka alikuwa akimuuliza nani.

"Kwangu imetosha," alisema Oldroyd.

Nora alikuwa bado hajauachia mkono. "Kwangu bado. Nilikuwa naota, Baba?"

"Ah, Nora. Yameisha hayo."

"Nilikuwa naota?"

Mzee aligeuzia uso dirishani. "Hapana."

"Nitazame mimi. Dirisha halikuuliza."

Kichwa kilichukua muda mrefu kugeuka. Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hayakuwa na dhihaka.

"Hukuota," alisema. "Uliona. Ulinieleza kama kilivyokuwa, neno kwa neno, na nikajua ni kweli ukiwa bado unasema."

Nora aliuachia mkono. Alifuta viganja vyote viwili kwenye koti lake, akasimama, na alipomgeukia inspekta sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kazini.

"Hayo hukuyaandika," alisema. "Yaandike."

Oldroyd akavuta kiti, akafungua tena kalamu.